Barabara Izamayo Mara Mbili kwa Siku

Mama alipiga simu nikiwa Alnmouth,
nafunga hema kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu.
"Watu wanalipa kodi ili wasilale nje," akasema,
"wewe umelipa ili ulale nje?"
Nikamwambia ni likizo.
"Likizo ya nani?"
Vocha ikaisha kabla sijapata jibu.

Mwezi wa tatu. Huku wanauita majira ya machipuko,
na kweli vimechipua: vipele vya baridi mikononi mwangu,
na wanakondoo wawili wenye namba za buluu ubavuni
wanaonitazama kama makarani wanaosubiri fomu.
Chini ya ukuta wa mawe, maua ya manjano
yamesimama na tarumbeta midomoni.
Hayapigi. Kwa lugha yangu hayana jina.
Nimeendesha kilomita nne nikiyatafutia,
mwisho nikayaita wauguzi wa zamu,
kwa jinsi yanavyosinzia yakiwa wima.

Upepo unatoka kaskazini, nami naenda kaskazini.
Si ugomvi, ni hesabu tu.
Kilima kinazidi kwenda mbele yangu
kama mdeni aliyeniona kwanza.

Baiskeli niliinunua kwa mzee Ridley, nyuma ya hospitali,
pauni sitini pamoja na kengele.
"Mnyororo unalalamika," alinionya, "usiusikilize."
Nimeusikiliza siku mbili.
Unasema utakatika, utakatika, utakatika,
na haukatiki.

Craster niliinusa kabla sijaiona:
samaki wanatundikwa juu ya moshi wa mwaloni
hadi wawe na rangi ya viatu vya shule.
Mwanamke mwenye aproni ya mpira alinipimia wawili,
akatupia wa tatu, mdogo, asiye na bei.
Nikawala ukutani kwa pilipili
niliyoibeba kwenye kikopo cha vidonge.
Shakwe mmoja akala macho yangu yote. Sikumpa.

Usiku, Beadnell. Nimevaa kila nilichobeba,
soksi mikononi.
Ng'ambo ya tuta la mchanga bahari inavuta pumzi,
inatua,
inatua zaidi ya inavyopaswa,
inavuta tena.
Nikajikuta nazihesabu kwa dakika,
napapasa kalamu gizani niandike kwenye chati.
Kumi na moja. Kumi na moja. Tisa.
Halafu nikakumbuka kwamba huyu hanihusu,
hatapiga kengele, hana ndugu wa kumpigia simu alfajiri.
Nikacheka, na kicheko kikaganda juu ya kitambaa cha hema
kikanidondokea matone asubuhi.

Mwenda pole hajikwai, nilifundishwa.
Hawakunifundisha kwamba mwenda pole hupitwa na maji.
Kibao cha kivuko cha kisiwani kilisema:
salama hadi saa tano na dakika kumi.
Saa yangu ilisema tano na nusu.

Ilikuwa bamvua. Wala maji hayakuja kwa kishindo.
Yalitoka kushoto, yakatoka kulia,
yakakutana katikati ya lami
kama majirani waliogombana zamani,
yakanyamaza, yakajaa.
Kibanda cha wazembe kikabaki juu ya miguu yake mirefu.
Gari la mikate likafika, likageuka;
dereva akashusha kioo: "Saa kumi jioni!"
akasema kama mtu anayetaja bei isiyopunguzwa.

Simu tena.
"Umefika?"
"Bado. Barabara imezama."
Kimya, kile cha kuangalia kama mtu anatania.
"Yote?"
"Yote."
"Basi kaa. Majani ya chai unayo?"
"Ninayo."
"Na tangawizi?"

Nikawasha jiko nyuma ya gurudumu, pasipo na upepo.
Mstari mweupe wa katikati bado nauona chini ya maji,
ukikatika, ukiendelea,
ukitangulia kwenda kisiwani bila mimi.